Kichwa panzi kina kalenda yake

Ndani ya miezi mitatu nilituma hela kwa watu nisiowajua mara tatu. Na sio kwamba nilibonyeza haraka nisione, hapana, jina linatokea pale kabisa kwenye simu, mwanaume sijui wa wapi, nalisoma, alafu naweka namba ya siri naendelea na maisha yangu. Wawili walirudisha, Mungu awabariki. Wa tatu akazima simu, na ada ya mtoto ikaenda hivyo. Mume wangu hakugomba, alifanya kibaya zaidi, alicheka. "Mama Junior na kichwa panzi chako bwana." Nami nikacheka, maana jina hilo naitwa tangu darasa la pili nilipokuwa narudi nyumbani na kiatu kimoja.

Sa siku nimekaa natafuta zile meseji za miamala ndo nikaona tarehe. Mwezi wa kwanza tarehe 23, uliofuata 20, uliofuata 19. Miaka ile siku zangu zilikuwa zinakuja kama saa, 27 au 28, nikahesabu kwa vidole pale pale kitandani, zote tatu zimeangukia siku mbili kabla ya kuingia hedhini. Nikaanza kufukua na mengine. Siku niliyoacha maharage jikoni nikaenda Kariakoo kufata vitenge, siku niliyomjibu mama mkwe maneno ambayo mpaka leo nayatolea maelezo, siku niliyolia kisa mteja kabadilisha rangi ya kitambaa. Sitadanganya, sio zote zilikaa humo, mi hata wiki nzuri napoteza funguo. Ila yale makubwa, yale ya gharama, mengi yalikuwa yamejipanga kwenye wiki ile ile moja.

Kinachoniuma ni kwamba wakati huo nilikuwa tayari nimeshapimwa nikaambiwa nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini ukutoroke, usahau na ukurupuke, na miaka 39 yangu. Niligundulika kupitia mwanangu, na nimekuja kujua ni njia ya wanawake wengi, unampeleka mtoto, daktari anakusomea maswali ya mtoto, na kila swali unajisikia unasomewa wewe. Basi nikapimwa, nikaulizwa vingi tu, utoto wangu, ripoti za shule, usingizi, presha, ukoo wetu nani alikuwa hivi nani alikuwa vile. Swali moja sikuulizwa. Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Na hilo swali sio geni kwetu jamani. Mwanamke huku akienda na jino anaulizwa, akienda kupiga picha ya eksirei anaulizwa, akienda na malaria kabla hajaandikiwa dawa anaulizwa. Manesi wanaliuliza hata bila kuinua kichwa. Lakini linaulizwa kwa ajili ya mimba tu, kuhakikisha tumboni hamna mtu. Ukishaingia chumba cha daktari wa akili linabaki mlangoni. Msimamo wangu ni kwamba kwa mwanamke mwenye ADHD tarehe ile inatakiwa iandikwe kwenye kadi kama presha inavyoandikwa, kila akija, na asiyeandika anamtibu mtu wa kufikirika, mtu ambaye yuko sawa siku zote 30 za mwezi.

Ngoja nieleze kwa nini, kwa lugha ya jikoni maana mi sio daktari, ni muuza vitenge ambaye akishika jambo linalompendeza halali mpaka alimalize (hiyo nayo ni ADHD, wanaodhani hatuwezi kutulia hawajatuona tukiwa na kitu tunachokipenda).

Kuna kemikali ya ubongo inaitwa dopamini. Kazi zake nyingi, ila inayotuhusu hapa ni kukufanya uone kitu kina haja ya kuanzwa, na ukishaanza ubaki nacho. Kwenye ADHD mpangilio wake umelegea, na zile dawa maarufu kama Ritalin zinasaidia kwa kuizuia isinyonywe haraka. Sasa estrojeni, hii homoni yetu ya kike ambayo tumefundishwa ni ya mayai na matiti basi, nayo inaigusa hiyo hiyo dopamini, inasaidia itengenezwe kwa wingi na inachelewesha kuvunjwa kwake. Chukua ndoo iliyotoboka, estrojeni inafungua koki zaidi na huku imeweka kidole kwenye tobo. Wanawake wote wana koki hiyo, ila mwenye ndoo nzima koki ikipungua haoni sana, mwenye ndoo ya tobo ataona.

Na koki haifunguki sawa mwezi mzima. Siku za damu estrojeni iko chini, inapanda taratibu, inafika juu kabisa karibu na yai kutoka, inashuka kidogo, alafu inapanda tena kiasi ikiwa imeongozana na projesteroni, homoni nyingine ya kike, na siku za mwisho kabla ya hedhi zote mbili zinaporomoka. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2018, wasichana 32 walitoa mate kila siku kwa siku 35 wakipimwa homoni na huku wanajaza dalili zao, na ilionekana estrojeni ikishuka huku projesteroni ikiwa juu, kesho yake dalili za ADHD zinapanda, hasa kwa wale wenye tabia ya kukurupuka. Kesho yake! Yani sio hisia za jumla za "wanawake bwana wakiwa kwenye siku zao", ni kitu kinachofatana kwa karibu hivyo.

Wataalamu waliolishika hili jambo kwa mikono miwili ni Waholanzi, pale The Hague, kuna daktari anaitwa Sandra Kooij na wenzake. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya wanawake 209 wenye ADHD waliojaza dodoso, na karibu nusu walikuwa na dalili za ile hali kali ya kabla ya hedhi, PMDD, ambayo sio kununa kwa kawaida, ni mtu kufikia kuona maisha hayana maana alafu siku ya pili ya damu anaamka mzima anashangaa jana alikuwa nani. Ni dodoso, sawa, mtu anajijazia mwenyewe, kwaiyo sio kipimo cha mwisho. Lakini nusu.

Alafu 2023 kundi hilo hilo wakaandika kuhusu wanawake tisa. Hawa walikuwa wanatumia dawa ya ADHD vizuri tu, isipokuwa wiki moja ya mwezi dawa inakuwa kama wamemeza peremende. Madaktari wakafanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini limesubiri mpaka 2023, wakaongeza dozi wiki ile tu, damu ikija wanarudi dozi ya zamani. Wote tisa walisema wamepata nafuu, wiki ile mbaya ikaanza kufanana na wiki nyingine, na wote tisa wakaamua kuendelea hivyo. Tisa ni wachache sana, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, mtu anayejua utafiti atakwambia hapo bado hujathibitisha kitu, na ni kweli. Msiende kujiongezea vidonge nyumbani kisa mmesoma kwangu, dawa hizi zinagusa moyo na presha. Ila mi kilichonigonga sio dozi. Ni kwamba ili waongeze wiki sahihi ilibidi kwanza wamuulize mtu tarehe.

Kwa nini huko kwingine haliulizwi? Hapa ndo napandishaga sauti mpaka wateja wanageuka. Huu ugonjwa tangu mwanzo umeandikwa kwa kuangalia wavulana. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Kiingereza, George Still, alisimama London akaeleza watoto wasiotulia na wasioweza kujizuia, na wengi wao walikuwa wa kiume. Ikaenda hivyo karne nzima, picha ni mtoto wa kiume anaruka juu ya dawati. Msichana aliyekaa dirishani anaangalia mwembe, daftari liko wazi hajaandika kitu, hamsumbui mwalimu, kwaiyo hamna anayempeleka popote, anaandikiwa kwenye ripoti "ana uwezo ila hajitumi". Utotoni wavulana wanaogundulika ni wengi kuliko wasichana, lakini ukija kwa watu wazima pengo linakaribia kufutika. Wale wasichana hawakuugua ukubwani, walikuwepo.

Kibaya zaidi, hata majaribio ya dawa yenyewe. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba wanawake walio kwenye umri wa kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, wakiogopa mimba baada ya yale maafa ya vidonge vilivyolemaza watoto, na woga ule una sababu yake. Mwongozo ulikaa mpaka 1993. Na hata palipokuwa na ruhusa watafiti wengi waliona homoni za wanawake ni usumbufu, zinachafua majibu. Hebu tulieni hapo kidogo. Kile kinachochafua majibu ndicho ninachoishi nacho mimi kila mwezi tangu nina miaka 13, wao wamekiondoa ili karatasi iwe safi, alafu dozi iliyotoka kwenye karatasi safi naandikiwa mimi.

Kuna kichekesho humo ndani. Ritalin, dawa ambayo kwa miaka mingi ikitajwa watu wanaona mtoto wa kiume, imepewa jina la mwanamke. Mkemia Leandro Panizzon aliitengeneza Uswisi mwaka 1944, na mkewe Marguerite, anaitwa Rita kwa kifupi, alikuwa na presha ya kushuka, akawa anaimeza kabla ya kwenda kucheza tenisi. Basi dawa ikaitwa kwa Rita. Rita mwenyewe akasahaulika kwenye historia nzima iliyofata.

Kuhusu kubalehe sitakaa sana. Nilichezwa, nikafundwa na somo yangu, na alinifundisha vizuri, vitambaa, usafi, kujistahi, kuhesabu siku. Kuhesabu siku nimejulia pale. Hakuna aliyeniambia kwamba na kichwa nacho kinaenda kwa hesabu hiyo hiyo, na nilikuwa form two hesabu inanishinda wiki fulani na wiki nyingine nakuwa wa tatu darasani, mwalimu akawa anaona nina kiburi. Mpaka 2013 kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili kilitaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 7, ndo wakasogeza ikawa 12. Msichana aliyejibana mpaka homoni zilipoanza kuyumba, kwa sheria ya zamani hakuwa na kitu.

Uzazi wa mpango ndo mahali ambapo wanawake wenzangu wananijia pembeni na maswali. Uswidi waliangalia rekodi za wasichana na wanawake wengi mno, wakakuta mwenye ADHD anayetumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili ana hatari ya kupata sonona karibu mara tano ya mwanamke asiye na ADHD ambaye hatumii kabisa. Kwa njia zisizo za kumeza tofauti haikuwa kubwa vile. Sisemi mtu aache, tafadhali, mimba usiyoipanga ukiwa na kichwa hiki nayo ni mtihani, mi naijua. Nasema ukikaa na nesi pale dirishani anakuuliza presha, anakuuliza kama unanyonyesha, anakuuliza kama unavuta sigara, mwambie na hili. Kama umeanza vidonge mwezi wa tatu na mwezi wa tano huinuki kitandani, hizo ni tarehe mbili za kuwekwa pamoja na mtu anayejua kusoma.

Ujauzito unatofautiana. Kuna wanaosema hawajawahi kuwa na akili iliyotulia kama walipokuwa na mimba ya miezi sita, estrojeni iko juu sana kipindi kile, na kuna ambao wanateseka hasa wakiachishwa dawa. Lakini baada ya kujifungua hapo hamna mjadala, placenta ikitoka homoni zinaanguka ndani ya siku chache kutoka juu ya mnazi mpaka chini. Uswidi tena, 2023, wanawake wenye ADHD karibu 17 katika 100 walipewa utambuzi wa sonona ndani ya mwaka baada ya kujifungua, wasio na ADHD ni kama 3. Ningependa kila mkunga aijue hiyo namba.

Na hapa nataka kuwasifia bibi zetu kabla sijaendelea. Arobaini. Mwanamke akizaa anawekwa ndani siku 40, hapiki, haoshi, haendi sokoni, hakumbuki chochote maana kuna mtu wa kumkumbukia kila kitu, uji wa pilipili manga unakuja wenyewe, mtoto anachukuliwa anaogeshwa anarudishwa. Ukiitazama kwa jicho la ADHD ni matibabu kabisa, umemwondolea mtu kupanga, kukumbuka na kuanzisha, vile vitu vitatu ambavyo kichwa chake hakiwezi, na umemwondolea katika wiki ambazo homoni ziko chini zaidi. Shida yangu ni siku ya 41. Mama anapanda basi kurudi kwao, shangazi anaaga, na wewe unaachiwa nyumba, mtoto, mume na sufuria kwa mkupuo. Mtoto wangu wa pili, nilipoanguka ni wiki ya saba, na kila mtu alisema "mbona alikuwa anaendelea vizuri tu". Nilikuwa naendelea vizuri kwa sababu mama yangu alikuwa ndo kichwa changu. Siku hizi mjini wengine hata hiyo arobaini hawana, wiki mbili dada wa kazi anaachiwa kila kitu na naye ana miaka 18.

Sasa nina miaka 45 na kalenda yangu imeanza kunichezea.

Watu wanadhani kuelekea kukoma hedhi estrojeni inashuka kama jua linavyozama, pole pole. Ingekuwa hivyo tungezoea. Inayumba, leo juu kuliko ulipokuwa na miaka 30, wiki ijayo hamna kitu, na inaweza kwenda hivyo miaka kadhaa kabla damu haijakatika moja kwa moja, ambayo huko Ulaya na Marekani wastani ni kwenye miaka 51. Zile wiki mbili nzuri nilizokuwa nazitegemea kufanya mahesabu ya duka, sijui tena zinakaa wapi. Mwezi wa nne hedhi haikuja kabisa. Mwezi wa tano ikaja mara mbili. Natafuta neno "mkasi" nakosa, namwambia fundi "nipe ile ya kukatia", joto linapanda shingoni saa nane usiku nalala kwa mafungu, na asiyelala naye kichwa kinakuwa vile vile, kwaiyo hujui sasa hivi ni nini kinakula nini.

Hapa panahitaji busara kidogo, maana mitandaoni kila mwenye miaka 47 aliyesahau funguo anajitangazia ADHD. ADHD haianzi na miaka 47, lazima ulikuwa nayo utotoni. Ukisahau ghafla ukubwani inaweza kuwa huo ukomo wenyewe, inaweza kuwa tezi la shingo, damu kupungua, sonona, kakaguliwe. Ila kuna kundi jingine, wale ambao maisha yote walitembelea magongo bila kujijua, mama wa kukumbusha, dada wa kazi mzuri, mume mwenye daftari, kazi yenye kengele, na estrojeni nayo ikiwa gongo mojawapo. Gongo hilo likiyumba mtu anaanguka na miaka 46 na anaambiwa ni uzee. Muulizeni huyo alivyokuwa darasa la tatu.

Na mpaka kati ya ADHD na ukomo wa hedhi haujanyooka hata kwa wataalamu. Marekani 2015 walichukua wanawake wa miaka 45 mpaka 60 wasio na ADHD, ambao baada ya hedhi kukatika walianza kulalamika hawawezi kupanga wala kushika mambo, wakawapa dawa ya ADHD na wakati mwingine kidonge kisicho na dawa, na kwa dawa walipata nafuu. Yani koki ikifungwa hata mwenye ndoo nzima anaanza kulalamika kama sisi. Kuhusu kurudishiwa homoni, wengi wetu bado tunaogopa kwa sababu ya ule utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa 2002 baada ya kuona saratani ya matiti imeongezeka, na tangu hapo madaktari wamekuja kutenganisha zaidi nani anafaa na nani hafai, umri gani, aina gani. Ni mazungumzo ya kufanya na daktari kwa sababu ya joto na usingizi na mifupa. Anayekuuzia homoni kama dawa ya ADHD amekimbia mbele ya ushahidi.

Dawa zenyewe za ADHD ni kisa kingine. Nyingi ziko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa 1971, na Shirika la Afya Duniani liliombwa 2019 na tena 2021 liiweke methilfenideti, yani hiyo Ritalin, kwenye orodha ya dawa muhimu, likakataa mara zote mbili. Kwaiyo mwanamke wa huku kabla hajafikia anasa ya kuongeza dozi wiki moja anatakiwa kwanza aipate hiyo dozi moja.

Tarehe lakini haina foleni wala bei. Nimebandika ukutani kalenda ya bure ya duka la dawa, kila jioni naandika namba moja mpaka tano kichwa kilivyokuwa, alama ya msalaba siku za damu, herufi U usiku ambao sikulala. Hela zote za ada sasa zinatumwa na mume wangu, nisipopata tatu kwenda juu mi sigusi simu. Mwezi uliopita niliikunja nikaenda nayo kwa daktari, kijana mdogo tu, akaigeuza geuza pale mezani kama ramani.

"Mama, hii misalaba ni nini?"

Nikamwambia. Akanyamaza, akavuta faili langu, akaanza kutafuta kwenye kurasa za nyuma siku nilizokuja nikilia.